Miaka Kumi na Saba ya Octavia Butler, na Mswada Nilioushauri Vibaya

Mwezi uliopita alinijia ofisini binti mmoja niliyemfundisha fasihi miaka kadhaa iliyopita. Siku hizi ana kibanda cha kuweka na kutoa fedha kwa simu, na usiku huandika. Baada ya shikamoo na marahaba, aliweka mezani miswada miwili ya riwaya, yote imefungwa kwa waya wa plastiki kama zifungwavyo tasnifu za wanafunzi. Akagusa ule mnene, akasema, "Huu ni wangu, Mwalimu." Akagusa ule mwembamba: "Na huu ni wako."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayerudisha mali kwa mwenyewe.

Ule mnene niliusoma miaka mitatu iliyopita. Unasimulia Dar es Salaam ya mwishoni mwa karne hii. Bahari imepanda Bonde la Msimbazi, na wakubwa wa jiji wameikabidhi mashine kazi ya kuamua mtaa upi uhamishwe kwanza na upi usubiri. Mhusika mkuu ni karani anayegundua kwamba mashine haikosei hesabu hata kidogo. Imefundishwa tu kwa kumbukumbu za zamani za nani alihamishwa kwanza na nani aliachwa na maji. Nilivutiwa sana. Kisha, kama mtu mzima ajionaye mwenye uzoefu, nikampa ushauri: apunguze mashine, aondoe kurasa mia, aongeze mafunzo ya maadili, ili wachapishaji wauone mswada kuwa unafaa shule.

Alitii. Akaupeleka mswada mpya kwa mchapishaji mmoja. Ukakaa huko miaka miwili, kisha ukarudi na barua fupi iliyomtaka achangie gharama za uchapaji kama bado ana nia. Nimeusoma mswada huo sasa. Ni mbaya, na ubaya wake umetoka kwangu. Maadili yamejaa kila ukurasa. Karani amegeuka mhubiri, na ile mashine iliyotisha kwa usahihi wake imekuwa dude la kuogofya watoto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafakari safari ya mwandishi mwingine, Mmarekani, aliyetaka kuandika kuhusu wakati ujao katika jamii isiyomtarajia kuandika chochote. Nimekwisha kumtaja darasani mara nyingi kama mfano wa uvumilivu. Leo naona kwamba nilikuwa nikiisimulia safari yake nusu.

Octavia Estelle Butler alizaliwa Pasadena, California, tarehe 22 Juni 1947. Baba yake, aliyekuwa mng'arisha viatu, alifariki binti huyo akiwa bado mdogo sana. Mama yake alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba za Wazungu, na mtoto alimwona mama huyo akiingia kazini kwa mlango wa nyuma. Octavia alikuwa mrefu kuliko wenziwe, mwenye haya nyingi, na kusoma kulimpa taabu. Alipofikia umri wa miaka 10 alimsihi mama yake amnunulie taipureta, naye mama, kwa ujira wa utumishi, akamnunulia.

Akiwa na miaka 12 alitazama katika televisheni filamu moja iitwayo Devil Girl from Mars, iliyotengenezwa mwaka 1954. Aliiona mbovu kiasi kwamba alijiambia yeye mwenyewe angeweza kutunga kisa bora kuliko kile. Akaanza. Mbegu za hadithi alizozipanda wakati huo ndizo zilizokuja kuzaa riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, iliyotoka mwaka 1976 alipokuwa na umri wa miaka 29. Kutoka mbegu hadi kitabu ilipita miaka 17 au karibu nayo.

Nusu ya kisa hiki inayosimuliwa kila mahali ni ile ya uvumilivu, na ni ya kweli. Shangazi yake alimwambia kwa upole kwamba watu weusi hawawi waandishi. Alifanya vibarua vya kila aina: aliosha vyombo, alipiga simu kuwauzia bidhaa watu asiowajua, alikagua krispi za viazi kiwandani. Aliamka saa nane za usiku ili aandike kabla ya kwenda kazini. Hata baada ya kufanikiwa, aliwaonya vijana kwamba msukumo wa ghafla si wa kutegemewa. Mazoea ya kila siku ndiyo yanayokamilisha kazi. Maneno haya nimeyanukuu mbele ya wanafunzi kwa miaka, nikidhani kwamba nawatia moyo.

Nusu ya pili, ambayo nimekuwa nikiiruka, ni ya watu na taasisi zilizosimama kando ya njia yake.

Palikuwa na maktaba ya umma ya Pasadena, ambayo mtoto wa mtumishi wa ndani aliweza kuingia bila kulipa na kuketi humo kutwa nzima. Palikuwa na mwalimu wake wa sayansi katika shule ya kati. Binti alipotaka kutuma hadithi yake ya kwanza kwenye jarida, mwalimu huyo ndiye aliyempigia chapa mswada ili uwe nadhifu. Palikuwa na Pasadena City College, chuo cha umma, alikopata stashahada yake mwaka 1968. Palikuwa pia na warsha iliyoanzishwa na chama cha waandishi wa filamu kwa ajili ya vijana wa jamii zilizobaguliwa, ambako alifundishwa na Harlan Ellison, mwandishi aliyekwisha kuvuma. Ellison ndiye aliyemsukuma aende kwenye warsha ya Clarion, huko Pennsylvania, mwaka 1970. Huko, kwa wiki sita, watu wasio na jina walikaa pamoja, wakaandika na kukosolewa na waandishi waliokomaa. Miongoni mwa walimu alikuwamo Samuel R. Delany, mtu mweusi kama yeye, aliyekuwa amechapisha riwaya yake ya kwanza akiwa na miaka 20. Shangazi alisema watu weusi hawawi waandishi; huyu hapa mmoja amesimama mbele ya darasa.

Hapo Clarion aliuza hadithi mbili. Moja ilitoka mwaka uliofuata katika mkusanyo wa warsha hiyo. Nyingine, "Childfinder", aliinunua Ellison kwa ajili ya mkusanyo wake mwenyewe, lakini mkusanyo ule haukutoka wakati wa uhai wa Butler. Hadithi iliyouzwa mwaka 1970 ilikuja kusomwa na umma mwaka 2014, miaka minane baada ya mwandishi wake kufariki.

Na baada ya furaha ya Clarion ilifuata miaka mitano ambayo hakuuza hata neno moja.

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye miaka hiyo mitano, kwa sababu hapo ndipo waandishi wengi wanapofia. Mwenye kipaji amekwisha kujithibitishia kwamba anaweza. Amekwisha kuuza. Kisha dunia inanyamaza. Nidhamu yake binafsi ilimvusha, hilo halikanushiki. Lakini katika miaka hiyo alijua mambo mawili ambayo mwanafunzi wangu hayajui. Alijua kwamba watu wenye ujuzi walikwisha kuisoma kazi yake na kuilipia. Na alijua kwamba yapo majarida na wachapishaji ambao kazi yao ya kila siku ni kununua hadithi za namna ile, kwa hiyo barua ya kukataliwa ilimwambia "si huu", haikumwambia "hatuna mahali pa kitu kama hiki".

Alipoumaliza mswada wa Patternmaster aliupeleka Doubleday, kampuni kubwa ya New York, wakaukubali. Si riwaya ya mzaha. Inasimulia mustakabali wa mbali ambamo watu wenye nguvu za akili wamefungamana katika mtandao mmoja, wanawatawala binadamu wa kawaida kama watumwa, huku ndugu wawili wakigombea kuurithi utawala wenyewe. Kwa nini kampuni kubwa ilithubutu kuchapisha kitabu cha aina hii cha mwanamke mweusi asiyejulikana? Ubora wake ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni ya kibiashara: riwaya za kisayansi za Doubleday zenye jalada gumu zilinunuliwa kwa wingi na maktaba. Mchapishaji alikuwa na uhakika wa soko la chini hata kabla ya msomaji mmoja mmoja kuingia dukani. Maktaba ile ile iliyompokea akiwa mtoto, pamoja na dada zake nchi nzima, ndiyo iliyofanya kitabu chake cha kwanza kisiwe kamari.

Baada ya mlango huo kufunguka, vingine vilifuata haraka: Mind of My Mind mwaka 1977, Survivor mwaka 1978, na mwaka 1979 Kindred, riwaya ya mwanamke mweusi wa zama zake anayevutwa kurudi Maryland ya enzi za utumwa. Mwaka 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa riwaya za kisayansi kupata tuzo ya MacArthur. Parable of the Sower, aliyoitoa mwaka 1993 akiianzia katika California ya mwaka 2024 iliyojaa ukame, moto na siasa za ulaghai, iliingia katika orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi mwaka 2020. Mwenyewe alikuwa ameiaga dunia tangu Februari 2006.

Sasa turudi nyumbani.

Tunaposimulia visa kama hiki kwa kutaja uvumilivu peke yake, tunafanya kosa la kisiasa. Tunauhamisha mzigo kutoka kwa taasisi na kuutwika mgongoni kwa kijana. Akishindwa, tunasema hakuwa na subira. Hatuulizi ni nani aliyempa meza, nani aliyeusoma mswada wake kwa kalamu mkononi, nani aliyekuwa na wajibu wa kununua kitabu chake. Mwanafunzi wangu naye huandika usiku. Naye ana mazoea ya kila siku. Uvumilivu alio nao haupungui ule wa Butler hata chembe. Alichokosa ni vyote vile nilivyovitaja katika nusu ya pili, na mahali palipohitaji mwalimu wa kumpigia chapa, alinipata mimi wa kumkatia kurasa.

Zipo hoja tatu ambazo husikika kila jambo hili linapozungumzwa.

Ya kwanza ni kwamba hadithi za aina hii si zetu. Hoja hii inawezekana tu kwa asiyesoma Kiswahili. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alitoa Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake anahukumiwa kurushwa katika chombo cha kifo, anafaulu kukiongoza, naye anatua kwenye dunia nyingine yenye usawa, ambayo jina lake likisomwa polepole linasema "wale ni sisi". Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka na Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! wameivunja mipaka ya wakati na uhalisia ili waulize maswali kuhusu utandawazi na uhuru wetu. Njia ipo, imeota majani tu kwa kukosa wapitaji wapya.

Ya pili ni kwamba hakuna soko. Hii ina ukweli, ila tuutazame ukweli wenyewe. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule. Mimi siwalaumu; wana mishahara ya kulipa. Lakini matokeo yake ni kwamba mlango wa riwaya ya kwanza una kipimo kimoja: je, itateuliwa kusomwa darasani? Mwandishi kijana huanza kujihariri kabla hajaandika. Anaondoa shaka, anaondoa mapenzi, anaondoa serikali, anaondoa mashine. Mwishoni anabaki na kitabu kisichoweza kumkera mtu yeyote, na kisichoweza kumwamsha mtu yeyote. Ushauri wangu kwa binti yule haukuwa wa kipekee. Ndio ushauri ambao mfumo mzima unautoa; mimi nilikuwa kinywa chake tu.

Ya tatu ni kwamba nchi ina mahitaji makubwa zaidi: madawati, dawa, barabara. Naiheshimu hoja hii, kwa kuwa mwenye kuitoa mara nyingi ana watoto wanaokaa sakafuni. Hata hivyo, taifa hili hujiandikia wakati ujao kila mara. Tulikuwa na Dira ya Maendeleo 2025, sasa tunayo Dira ya 2050. Nyaraka hizo zinatueleza tutakuwa na uchumi wa namna gani. Hazina kazi ya kutueleza itakuwaje kwa karani wa mtaa mmoja kuamka katika nchi hiyo, nani atalipa gharama, na nani atasahauliwa. Kazi hiyo ni ya riwaya. Jamii inayowaachia wataalamu wa mipango peke yao kazi ya kuuwaza mustakabali isishangae siku itakapoamka ndani ya mustakabali isioutambua.

Tufanye nini basi? Siombi mambo ya ajabu. Naomba tuliyokwisha kuyafanya.

Mwaka 1991 ulianzishwa nchini mwetu Mradi wa Vitabu vya Watoto. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: mchapishaji akitoa nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa, mradi ulinunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, naye mchapishaji akabaki na 2,000 za kuuza. Hasara ikaondolewa, na vitabu vya watoto vya Kiswahili vikapatikana mahali palipokuwa na ukame. Kwa nini utaratibu huo huo, hata kwa nakala mia chache, usitumike kwa riwaya za kwanza za watu wazima, kupitia maktaba za mikoa na za vyuo? Kitabu kikiwa na wanunuzi wa uhakika, mhariri hatalazimika kuuliza kama kinafaa mtihani. Atauliza kama ni kizuri.

Tuzo nazo zina nafasi yake. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilipoanzishwa mwaka 2014 iliruhusu miswada ambayo haijachapishwa, na hilo lilikuwa jambo la busara. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imeleta heshima iliyokuwa imekosekana. Lakini tuzo humpokea aliyekwisha kufika. Clarion haikuwa tuzo. Ilikuwa wiki sita za kukosolewa, na walioingia humo waliingia wakiwa bado wabovu.

Hapo ndipo sisi wa vyuoni hatuna kisingizio. Likizo ndefu ikifika, madarasa yetu hubaki matupu, feni zikining'inia juu ya viti visivyo na mtu. Wiki sita, waandishi kumi, walimu wawili au watatu wa kujitolea: hili halihitaji bajeti ya wizara. Nimekwisha kuandika barua kwa wakuu wa idara yangu kuomba darasa moja. Nikikataliwa, tutakaa chini ya mwembe.

Na kwa walimu wenzangu wa shule na vyuo nina neno moja la ziada. Mwalimu yule wa Pasadena alifundisha sayansi. Hakuwa bingwa wa fasihi. Hakumwambia mtoto apunguze kitu wala aongeze kitu. Alifanya kazi ya mikono ambayo mtoto hakuweza kuifanya vizuri mwenyewe, akauacha mswada uende zake. Wengi wetu tuko hodari wa kutoa maoni. Tungefaa zaidi kama mara moja moja tungeuliza: unakwama wapi, nikushikie nini?

Swali hilo nilimwuliza binti yule siku ile, nikiwa nimechelewa miaka mitatu. Akanijibu kwamba mswada wa kwanza haumo tena katika kompyuta. Alipokuwa akifuata ushauri wangu alifuta na kuandika juu yake, faili lile lile, sura baada ya sura. Nakala iliyobaki duniani ni ile moja ya karatasi aliyoniwekea mezani, yenye kurasa 312, ambayo baadhi ya pembe zake zimeliwa na unyevu. Kuipiga chapa upya hana muda. Kibanda hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Nimemwomba aniachie. Kila usiku, baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi, napiga kurasa tano au sita kama zilivyo, bila kugusa neno. Nimefika ukurasa wa 94. Karani ndiyo kwanza ameanza kuishuku mashine.